Ngazi Tano za Saruji: Siku Tano kutoka Houston hadi New Orleans na Kurudi

Kabla ya kuondoka

Nimerudi nyumbani wiki tatu sasa, na simulizi hii nimeijenga upya kutokana na daftari dogo la mfukoni, risiti nilizozibana pamoja, na picha mia mbili na ushei za simu. Safari yenyewe ilianzia kwenye ukumbi wa jengo tunamopanga, kusini-magharibi mwa Houston. Jirani yangu wa chini ni bibi wa miaka sabini na minne aliyeletwa Texas kwa basi mwanzoni mwa Septemba 2005, baada ya kimbunga Katrina, na mpaka leo, anapoitaja New Orleans, husema "nikirudi nyumbani". Aliposikia kwamba nina siku tano za mapumziko aliniomba jambo moja tu: niende hadi kiwanja chake katika mtaa wa Lower Ninth Ward, nitazame kama ngazi za saruji za mbele ya nyumba bado zimesimama, kisha nimletee picha. "Zilikuwa tano," aliniambia. "Baba yangu alizijenga kwa mikono yake."

Mimi ni mzaliwa wa Nakuru. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, uwanja wa maonyesho wa mji wetu uligeuka kambi ya mahema, na hapo ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza neno "wakimbizi wa ndani". Nilijifunza pia kwamba neno hilo lina uzito wa sheria. Zipo Kanuni Elekezi thelathini zilizofikishwa Umoja wa Mataifa mwaka 1998 na mwanadiplomasia Francis Deng wa Sudan, na zinaeleza kile ambacho mtu aliyeng'olewa kwake, iwe kwa vita au kwa maafa ya asili, anastahili kutoka kwa serikali yake mwenyewe. Kanuni hizo peke yake si mkataba, ila zimesukwa kwa nyuzi za mikataba ambayo mataifa yameiridhia. Serikali ya Marekani ilizipokea kwa mikono miwili ilipowatazama watu wa nchi nyingine: Oktoba 2004 shirika lake la misaada ya nje lilitoa sera rasmi ya kuwasaidia wakimbizi wa ndani duniani ambayo ilizitaja kanuni hizo kuwa mwongozo wa kufuatwa. Miezi kumi baadaye kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya Ghuba ya Meksiko, na watu zaidi ya milioni moja wa Marekani yenyewe wakayahama makazi yao. Serikali iliwaita "waliohamishwa". Jina lile la wakimbizi wa ndani, lenye haki ndani yake, haikutaka kuwapa.

Jioni ya kuamkia safari nilipita kwa mzee mmoja wa Tanga ambaye ameishi Houston tangu miaka ya tisini na ambaye mwaka ule alijitolea kugawa nguo katika uwanja wa Astrodome, walikolazwa maelfu ya watu juu ya vitanda vya turubai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia unakwenda kule kwa wale watu wetu."

Aliwaita hivyo, "watu wetu", na akanieleza jambo ambalo nilikuja kulisikia tena njiani zaidi ya mara moja: wengi walipandishwa mabasi na ndege bila kuambiwa wanakopelekwa. "Mama mmoja aliniuliza, baba, hapa ni wapi? Nikamwambia, Houston. Akalia, kwa sababu wanawe wawili walikuwa wameingizwa basi jingine, na la kwao hakujua limekwenda jimbo gani."

Siku ya kwanza: Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Tiketi ya basi ya kwenda na kurudi ilinigharimu dola 104 kwa kuwa niliinunua siku nne tu kabla. Atakayeagiza wiki mbili mapema ataokoa kama theluthi ya fedha hizo. Kituoni, saa moja asubuhi, abiria wote walikuwa wametazama televisheni moja. Kimbunga Milton kilikuwa kimetua usiku uliopita karibu na Siesta Key, Florida, wiki mbili tu baada ya Helene, na picha za mapaa yaliyofumuliwa zilikuwa zikirudiwa bila kukoma. Mwanamke aliyeketi karibu nami, mwenye lafudhi ya Louisiana, alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema polepole kwamba mafuriko hayamwogopeshi kama yanavyomwogopesha yale mafomu yatakayofuata.

Kutoka Houston hadi mto Sabine hakuna la kusimulia zaidi ya viwanda vya mafuta na malori. Baada ya kuvuka mpaka wa Louisiana barabara kuu ya 10 inaingia Lake Charles, mji uliopigwa na kimbunga Laura Agosti 2020 na kimbunga Delta wiki sita baadaye. Mnara wa ghorofa 22 uliosimama miaka minne ukiwa umezibwa madirisha kwa mbao ulikuwa umelipuliwa na kuangushwa mwezi mmoja tu kabla ya safari yangu, na mahali pake niliona uwazi tu juu ya ziwa. Hapo tulikaa saa moja na dakika hamsini tukisubiri dereva wa zamu. Hatukutangaziwa lolote. Kijana mmoja mpishi, aliyekuwa akirudi kumwona mama yake, alifungua mfuko wa pralini, peremende za karanga za pekani zilizopikwa kwa sukari, akazigawa kwa safu tatu za viti. Nilimwambia kwamba kwetu tunaziita kashata, na akaandika neno hilo kwenye simu yake.

Baada ya Lafayette barabara inapanda juu ya daraja la Atchafalaya, linalokwenda kama kilomita 29 juu ya kinamasi, na kwa muda wa dakika ishirini hivi kila upande ni maji tulivu na miti iliyosimama ndani yake. Kisha Baton Rouge. Karibu na mji huu, mahali paitwapo Baker, ndipo ilipokuwa kambi kubwa kuliko zote za trela zilizotolewa na FEMA, shirika la dharura la serikali ya shirikisho. Watu waliishi humo hadi 2008, ndani ya vijumba vya bati na mbao bandia ambavyo baadaye wataalamu wa afya wa serikali hiyohiyo walithibitisha kuwa vilikuwa na hewa yenye kemikali ya formaldehaidi kwa kiwango cha kudhuru. Jirani yangu alinusurika na trela kwa sababu Houston alipewa nyumba ya kupanga kwa vocha, ingawa naye anakumbuka barua za kusitishiwa msaada zilivyokuwa zikifika bila maelezo yanayoeleweka. Novemba 2006 jaji wa shirikisho mjini Washington aliamua kwamba barua za namna hiyo zilikiuka haki ya watu ya kuelezwa sababu na kukata rufaa.

Tuliingia New Orleans saa kumi na mbili jioni, katika kituo cha reli na mabasi cha barabara ya Loyola. Nilishuka na begi langu, na sikutoka mara moja, kwa kuwa nilikuwa nimesoma habari za jengo hili. Katika siku za mwanzo za Septemba 2005, wakati watu walikuwa bado juu ya mapaa wakipunga mashuka, kituo hiki kiligeuzwa gereza: vizimba vya waya vilisimamishwa katika eneo la kuegesha mabasi, na walinzi wakaletwa kutoka gereza la jimbo la Louisiana liitwalo Angola. Zaidi ya watu elfu moja walipitia hapo, wengi kwa tuhuma ndogondogo, kisha wakasambazwa magerezani kote Louisiana. Baadhi yao walikaa miezi bila kuonana na wakili. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Marekani iliuridhia mwaka 1992, unataka kila anayekamatwa kwa kosa la jinai afikishwe mbele ya hakimu bila kukawia. Chombo cha kwanza cha dola kilichosimama upya katika jiji hili kilikuwa jela, na nadhani mpangilio huo unaeleza mengi kuhusu namna wananchi walivyotazamwa.

Mama aliyenikodishia chumba, dola 78 kwa usiku, alikuwa ameniachia bakuli la wali na maharagwe juu ya jiko, na karatasi iliyoandikwa "kula kwanza, mengine kesho".

Siku ya pili: Ijumaa, 11 Oktoba

Kwa usafiri wa mjini, nunua pasi ya siku moja, dola 3, inayotumika katika mabasi na tramu. Ukilipa safari moja moja ni dola 1 na senti 25. Kivuko cha kuvuka mto Mississippi hadi Algiers ni dola 2. Chukua maji, kwa maana hata Oktoba jua la saa saba halina huruma.

Nilifungua siku kwa kahawa na beignet tatu za moto zilizofunikwa kwa sukari ya unga. Mtu wa pwani ya Mombasa atazitambua mara moja kuwa ndugu wa mahamri, ila hazina iliki wala tui. Kisha nikatembea hadi ukumbi wa mikutano wa Ernest N. Morial, ulionyooka kando ya mto. Hapa na katika uwanja wa Superdome walirundikana makumi ya maelfu ya watu kwa siku nyingi bila chakula cha kutosha, maji wala vyoo, na wengine wakafia hapo hapo. Amri ya kuhama ilitolewa Jumapili asubuhi, tarehe 28 Agosti, chini ya saa ishirini na nne kabla ya kimbunga kutua, na ilitolewa kwa jiji ambalo zaidi ya robo ya kaya zake hazikuwa na gari. Wasimamizi wa jiji, wa jimbo na wa serikali ya shirikisho walilijua hilo, maana mwaka mmoja nyuma walikuwa wamefanya zoezi la pamoja la kimbunga cha kubuni kilichofanana mno na hiki.

Kutoka kwenye kivuko unaliona vizuri daraja la Crescent City Connection, lile liendalo ukingo wa magharibi. Tarehe 1 Septemba kundi la watu waliokuwa wamekwama katikati ya jiji walipanda daraja hilo kwa miguu, wazee kwa watoto, wakitafuta mahali pakavu. Polisi wa mji mdogo wa Gretna walikuwa wamelifunga. Walifyatua risasi hewani juu ya vichwa vyao na kuwarudisha walikotoka. Kanuni Elekezi ya 15 inatamka waziwazi kwamba mkimbizi wa ndani ana haki ya kutafuta usalama katika sehemu nyingine ya nchi yake. Niliangalia urefu wa daraja lile nikiwa kivukoni, nikajaribu kuwaza mtu akisukuma kiti cha magurudumu hadi juu kabisa, mahali ambapo upande wa pili unaonekana, ndipo aamriwe kugeuka.

Mchana nilipita mbele ya hospitali ya zamani ya Charity, barabara ya Tulane. Ni jengo kubwa la mawe la mwaka 1939, la hospitali iliyoanzishwa 1736 kwa ajili ya maskini. Baada ya mafuriko madaktari na askari waliisafisha sehemu ya chini na kusema kwamba iko tayari kupokea wagonjwa, lakini jimbo likaamua isifunguliwe tena. Hospitali mpya iliyochukua nafasi yake ilifunguliwa 2015. Miaka kumi ni muda mrefu kwa mgonjwa asiye na bima. Nilikutana na mlinzi nje ya uzio aliyezaliwa humo ndani, kama alivyozaliwa mama yake, na alinionyesha dirisha kwa kidole.

Siku ya tatu: Jumamosi, 12 Oktoba

Lower Ninth Ward iko ng'ambo ya Mfereji wa Viwanda, na kuuvuka ni lazima upite kwenye daraja linaloinuliwa kupisha meli. Basi letu lilisubiri dakika thelathini na tano huku majahazi ya chuma yaliyofungwa pamoja yakisukumwa kupita polepole. Mwenye miadi upande ule aweke saa nzima ya ziada. Jambo jingine la kuzingatia: wakazi wamechoshwa na wageni wanaopiga picha dirishani na kuondoka, na jiji lilipata kuweka amri ya kuyazuia mabasi ya watalii. Nenda kwa miguu, salimia, na uombe ruhusa.

Nilishuka barabara ya Claiborne nikaelekea kwenye ukuta wa kuzuia maji ya mfereji. Ukuta wa sasa ni mpya, mrefu na mweupe. Ule wa zamani ulianguka asubuhi ya Jumatatu, tarehe 29 Agosti 2005, karibu saa mbili kasorobo, na maji yakaingia kwa nguvu iliyong'oa nyumba kwenye misingi yake. Jahazi tupu la chuma liliingia nayo likakaa juu ya makazi ya watu. Wengi wetu tulio mbali husema kimbunga ndicho kilichoiua New Orleans. Wenyeji hawasemi hivyo. Wao husema "kuta zilivunjika", na wana haki, maana asilimia 80 ya jiji ilifunikwa na maji kwa sababu kuta na matuta yaliyojengwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi yalishindwa, mengine kabla maji hayajafika kimo ambacho yalisanifiwa kukizuia. Ripoti ya kikosi chenyewe ya Juni 2006 ilikiri kwamba kilichokuwapo kilikuwa mfumo kwa jina tu.

Kukiri huko hakukumlipa mtu. Sheria ya mwaka 1928 inaikinga serikali ya shirikisho isidaiwe hasara za mafuriko yanayohusiana na kazi zake za kuyazuia. Novemba 2009 jaji mmoja wa shirikisho alipata mwanya: aliamua kwamba uzembe wa kikosi hicho katika kuutunza mfereji wa meli wa MR-GO ulichangia kuuangamiza mtaa huu na wilaya jirani ya St. Bernard. Mahakama ya rufaa iliunga mkono hukumu hiyo Machi 2012, na watu wakasherehekea. Septemba ya mwaka huohuo majaji walewale wakaigeuza, wakisema serikali ina kinga kwa maamuzi yaliyo ndani ya hiari yake. Hapa ndipo panaponiuma. Kanuni Elekezi ya 29 inasema mamlaka zina wajibu wa kuwasaidia waliorejea kupata mali zao, na pale isipowezekana, wapate fidia au malipo mengine ya haki. Serikali ilibomolea watu kwa ujenzi wake mbovu, ikakiri, kisha ikajificha nyuma ya sheria yake yenyewe. Na sheria kuu ya maafa ya nchi hiyo haina hata kifungu kimoja kinachomwahidi mwananchi haki ya kurudi kwake. Chote anachopewa ni msaada ambao ofisi inaweza kuutoa au kutoutoa.

Kutafuta kiwanja cha jirani yangu kulinichukua saa mbili. Mitaa ipo na mabomba ya kuzimia moto yapo, lakini kati ya nyumba moja na nyingine kuna viwanja vitano, sita, vya majani marefu, na namba hazipo. Kwenye nyumba moja iliyoachwa bado ilionekana, ikiwa imefifia, ile alama kubwa ya X waliyopuliza waokoaji kwa rangi: tarehe juu, kikosi kushoto, hatari kulia, na chini idadi ya waliokutwa ndani, wazima au wamekufa. Nilipiga picha, kisha nikaifuta, sijui kwa nini.

Aliyenisaidia alikuwa mzee aliyekuwa akikata majani kwa mashine ya kuendesha. Alizima injini, akaniuliza natafuta ukoo gani, nami nilipomtajia jina la familia alivua kofia. Alikuwa amesoma darasa moja na mdogo wake. Alinikalisha kibarazani kwake, mkewe akaleta maji ya barafu na mkate mrefu wenye kamba wa kukaanga, ule waitao po'boy, na wakakataa katakata dola zangu kumi. Tulikula huku akinihesabia mtaa wake kwa vidole: huyu yuko Atlanta, huyu Dallas, huyu alikufa Memphis, hawa wawili walirudi, mmoja wao mimi.

Nilimuuliza kwa nini wengine hawakurudi. Alisema swali hilo watu hulijibu kwa kusema walipenda walikokwenda, ilhali jibu liko kwenye hesabu. Mpango mkuu wa ruzuku za kujenga upya, ulioitwa Road Home na kugharamiwa na serikali ya shirikisho, ulimlipa mwenye nyumba kwa kulinganisha thamani ya nyumba kabla ya kimbunga na gharama za matengenezo, kisha kuchukua iliyo ndogo. Mbao na misumari vina bei ileile kila mtaa, lakini nyumba ya mtu mweusi katika Lower Ninth Ward ilithaminiwa chini mno kuliko nyumba kama hiyo katika mtaa wa weupe. Kwa hiyo wawili wenye hasara sawa walipata fedha zisizo sawa. Wenye nyumba weusi walishtaki mwaka 2008, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano ya dola milioni 62 mwaka 2011, wakati wengi walikuwa wamekwisha kata tamaa. Kisha kulikuwa na hati. Nyumba nyingi hapa zilirithishwa kutoka baba kwenda kwa mwana bila kupita mahakamani, na jina kwenye hati likabaki la marehemu. Sisi tuliotoka nyumbani tunalijua jambo hili vizuri. Ni mashamba mangapi ya Bonde la Ufa ambayo hadi leo yako kwa jina la babu? Asiye na hati safi hakupata ruzuku mpaka aisafishe, na kuisafisha kulitaka wakili, na wakili alitaka fedha.

Baada ya chakula mzee aliwasha mashine yake tena, akaniambia nimfuate. Alikwenda viwanja vinne mbele, akasimama, akatazama nguzo ya umeme, akarudi nyuma kidogo, akaingia majanini. Alikata polepole, kwa mistari, kama mtu anayenyoa mtoto. Mashine iligonga kitu. Alishuka, akapiga magoti, akaanza kung'oa majani kwa mikono, nami nikaungana naye. Ngazi zilikuwapo, zimepasuka upande wa kushoto, zinapanda hadi mahali pasipo na mlango.

Nilipiga picha kumi na tisa.

Siku ya nne: Jumapili, 13 Oktoba

Asubuhi nilikwenda ibadani pamoja na mama mwenye nyumba, na baadaye kanisani tulipewa gumbo, mchuzi mzito wenye bamia na kaa. Waliniambia kwamba jina la chakula hicho linatokana na neno la Kiafrika la bamia lenyewe, na nikala sahani mbili.

Alasiri nilitembea katika mtaa wa Columbia Parc. Ni nyumba nzuri, zenye vibaraza na rangi za kupendeza, na ningepita nikizisifu kama nisingejua kwamba hapa palikuwa St. Bernard, moja ya makazi manne makubwa ya umma pamoja na Lafitte, B.W. Cooper na C.J. Peete. Majengo yale ya matofali yalistahimili kimbunga vizuri kuliko nyumba nyingi za mbao. Hata hivyo wapangaji waliporudi walikuta milango imezibwa kwa chuma. Tarehe 20 Desemba 2007 baraza la jiji lilipiga kura kwa kauli moja kuridhia ubomoaji wa nyumba zipatazo 4,500, mpango uliosukumwa na wizara ya nyumba ya serikali ya shirikisho, huku nje ya lango wapangaji wakipuliziwa pilipili na kupigwa shoti za umeme na polisi. Februari 2008 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Miloon Kothari wa haki ya makazi na Gay McDougall wa masuala ya walio wachache, walitoa tamko la kutaka ubomoaji usimame na wapangaji washirikishwe. Haukusimama. Nyumba mpya zilijengwa kwa wakazi wa vipato mchanganyiko, na sehemu ndogo tu ikatengwa kwa kodi ile ya zamani.

Hapa Kanuni ya 28 haihitaji mfasiri: mamlaka ndizo zenye wajibu wa kwanza wa kuweka mazingira na njia za watu kurudi kwa hiari, salama na kwa heshima, na watu hao washiriki kikamilifu katika kupanga kurudi kwao. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, iliyoketi Geneva Julai 2006 kuchunguza jinsi Marekani inavyoutekeleza mkataba iliouridhia, ilisema ina wasiwasi kwamba maskini, hasa Wamarekani weusi, walipunjwa katika mipango ya uokoaji na wanaendelea kupunjwa katika ujenzi mpya, na ikaitaka nchi hiyo itekeleze wajibu wake wa kulinda uhai na kutobagua, pamoja na Kanuni Elekezi. Kura ile ya kubomoa ilipigwa miezi kumi na saba baada ya onyo hilo. Serikali ilikuwa imeambiwa, kwa maandishi, na chombo ilichokubali kuripoti kwake. Ila ilipouridhia mkataba ilitangaza pia kwamba vifungu vyake vya haki havitekelezeki moja kwa moja katika mahakama zake bila sheria nyingine, kwa hiyo mpangaji wa St. Bernard hakuwa na jaji wa kumpelekea karatasi ya Geneva.

Najua sisi Wakenya hatuna usafi wa kumnyooshea mtu kidole; serikali yetu iliwapa wakimbizi wa 2008 shilingi elfu kumi na kuwafungia kambi katika operesheni iliyoitwa Rudi Nyumbani. Lakini sisi angalau tulipata jina. Kupitia itifaki ya nchi za Maziwa Makuu ya 2006 na sheria yetu ya 2012, mtu aliyefurushwa anaweza kusimama mahakamani akasema mimi ni mkimbizi wa ndani na sheria inanitambua. Jirani yangu hajapata kuitwa hivyo na ofisi yoyote ya nchi yake. Sensa inasema New Orleans ilikuwa na wakazi 484,674 mwaka 2000 na 383,997 mwaka 2020. Yeye ni mmoja wa tofauti hiyo.

Siku ya tano: Jumatatu, 14 Oktoba

Jumatatu ni siku ya maharagwe mekundu na wali katika jiji hili, desturi ya tangu enzi ambapo Jumatatu ilikuwa siku ya kufua na chungu kikaachwa kichemke chenyewe. Mama mwenye nyumba alinijazia kopo mbili, moja yangu na moja ya jirani yangu, akazifunga kwa taulo. Gharama zote za safari zilifika dola 560: nauli 104, chumba 312, usafiri wa mjini 13, na 131 za chakula pamoja na sadaka. Basi la kurudi lilikwenda bila tatizo, na nililala kutoka Baton Rouge hadi Beaumont.

Nilibisha mlangoni kwa jirani yangu saa tatu usiku. Alikuwa amevaa vizuri, kana kwamba anangoja wageni. Alipasha maharagwe kwanza, akala kijiko kimoja akiwa amesimama, akafumba macho, kisha akaketi na kuiomba simu. Niliikuza picha. Alizihesabu ngazi kwa ncha ya kidole kutoka chini kwenda juu, akafika ya tano, akarudia tena. Akaniuliza ni nani aliyekata majani. Nilipomtajia, alicheka kwa sauti, akataja jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Baadaye aliinua kutoka chini ya meza jalada la plastiki lililofura makaratasi: stakabadhi za kodi ya kiwanja za kila mwaka tangu 2005, barua za maombi, barua za kukataliwa, nakala ya hati yenye jina la baba yake. Akaniomba picha moja niichapishe kwa karatasi kubwa, na nyuma yake niandike tarehe na saini yangu kama shahidi. Niliipeleka dukani kesho yake asubuhi, dola 4 na senti 20, naye akaitoboa matundu mawili na kuiingiza jaladani, juu ya zote.